Kompyuta inakufa katikati ya kukompaili: jinsi ya kumpata mkosaji kwenye maunzi

Swali hili halichoki kurudi. Mtu anakompaili (anageuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kerneli, yaani kitovu cha mfumo wa uendeshaji, au programu nyingine kubwa, kompaila inakata roho katikati na kuacha maneno `Segmentation fault`. Anarudia, inasogea mbele kidogo, halafu inakufa kwenye faili jingine kabisa. Kisha maswali: GCC, yaani kompaila yenyewe, ina kasoro? Nirudi toleo la zamani? Niweke distro (toleo la Linux) nyingine?

Usibadilishe kitu kwanza. Kompaila ile ile, ikipewa faili lile lile kwa amri ile ile, inapaswa kufanya jambo lile lile kila mara. Ikifa sasa hivi hapa na baadaye pale, kuna kitu chini yake kinachoyumba: RAM, prosesa, umeme au joto. Ikifa mahali pale pale kila unaporudia, huenda maunzi yako hayana kosa lolote, na pesa ya RAM mpya ungeitupa bure. Shikilia tofauti hiyo moja, maana hatua zote zilizo hapa chini zinaitegemea.

Mifano ni ya Linux kwa sababu huko ndiko wengi hukompaili vitu vizito. Windows nitaigusa panapotofautiana.

## "Lakini michezo inacheza bila shida"

Sawa, ila hilo halithibitishi chochote. Biti moja ikigeuka ndani ya picha ya mchezo, doti moja ya skrini inabadilika rangi kwa kufumba na kufumbua na hakuna anayeiona. Kompaila hujenga miti mikubwa ya data iliyojaa vielekezi, yaani anwani za sehemu nyingine za RAM. Biti moja ikigeuka kwenye kielekezi, kompaila inakwenda kusoma pasipo pake na kerneli inaiua papo hapo. Zaidi ya hapo, `make` (amri inayoendesha ukompaili) yenye kazi nyingi huviendesha viini vyote vya prosesa kwa nguvu zote, huijaza RAM, na hukaa hivyo dakika kwa dakika. Shughuli chache za kila siku huibana mashine namna hiyo.

Nadharia inatosha.

## Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Nakala ya data zako muhimu kwenye diski nyingine. Hili si la kuahirisha: RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya wakati yanaandikwa, na utagundua ukiwa umechelewa.
- Flashi ya USB kwa ajili ya Memtest86+, programu ya kupima RAM. Hata ndogo inatosha.
- Bisibisi, brashi laini au kopo la hewa, na grisi ya prosesa endapo utalazimika kung'oa hitsinki (chuma cha kupoza prosesa).
- Programu hizi (majina ni ya Debian na jamaa zake, kwingine hayatofautiani sana):

```
sudo apt install lm-sensors stress-ng stressapptest smartmontools rasdaemon
```

- Mradi mmoja wa kupimia, toleo moja, usioubadilisha hadi mwisho. Msimbo wa kerneli ya Linux pamoja na `make defconfig` unafaa sana.
- Daftari. Andika ulichobadilisha, saa, na faili gani kompaila ilifia. Bila maandishi, baada ya majaribio kadhaa hutajua tena kipi kilisaidia.

Na kanuni moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha RAM, BIOS (programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi) na feni siku moja anaweza kupona bila kujua alikuwa anaumwa nini.

## Hatua ya 1: Soma ujumbe wa mwisho, usikisie

Kila kifo kina maneno yake, na baadhi ya maneno hayo yanakuondoa kwenye mwongozo huu moja kwa moja.

`internal compiler error: Segmentation fault` ndiyo ishara namba 11. Kompaila imegusa anwani isiyoruhusiwa. Nenda hatua ya 2.

`Killed signal terminated program cc1plus` ni hadithi nyingine. RAM imejaa na kerneli imeamua kuua mchakato mmoja ili mashine isizame. Hakikisha hivi:

```
sudo dmesg | grep -i "out of memory"
```

Ukipata mstari, RAM yako si mbovu, ni ndogo kwa kazi uliyoipa. C++ nzito inaweza kula GB 1 hadi 2 kwa kila kazi inayoendeshwa sambamba, kwa hiyo `make -j16` kwenye mashine ya GB 16 ni kujitafutia balaa. Punguza hadi `-j6`, ongeza eneo la swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), na shida imekwisha. Watumiaji wa Rust wataona `signal: 9, SIGKILL` kwa tatizo hili, na `signal: 11, SIGSEGV` kwa lile la kwanza. Kwenye kompaila ya Microsoft, C1060 maana yake ni kuishiwa nafasi, na C1001 ni kompaila yenyewe kufa.

`No space left on device` wakati diski ina nafasi tele: angalia `/tmp`. Kwenye distro kadhaa folda hiyo inakaa ndani ya RAM na hujaa haraka.

Ikiwa hakuna ujumbe wowote, mashine nzima inajizima, inajiwasha upya au inaganda, soma hatua ya 3 kisha urukie ya 5 na ya 7.

GCC ya baadhi ya distro hujirudia yenyewe ikifa, na jaribio la pili likipita huandika: `The bug is not reproducible, so it is likely a hardware or OS problem.` Watu husoma mstari huo na bado wanakwenda kuilaumu GCC. Uamini. Clang, kompaila nyingine, nayo ikifa huacha kwenye `/tmp` faili la msimbo na skripti ya kurudia kosa. Iendeshe hiyo skripti: ikipita salama mara kadhaa, kidole kinaelekea kwenye maunzi.

## Hatua ya 2: Rudia bila kubadilisha chochote

Hapa ndipo ushahidi unapokusanywa. Usigeuze hata herufi moja, endesha hivi:

```
export CCACHE_DISABLE=1
for i in $(seq 1 10); do
  make clean > /dev/null
  make -j$(nproc) > logi.$i 2>&1 || echo "imekufa: $i"
done
grep "internal compiler error" logi.*
```

Mstari wa kwanza unazima ccache, ambayo ingekupa matokeo ya zamani badala ya kukompaili upya, ukadhani mashine imepona.

Sasa tazama majina ya mafaili.

Faili lile lile na mstari ule ule kila mara: karibu hakika ni dosari ya programu. Toa amri kamili kwa `make V=1`, jaribu faili hilo kwenye kompyuta nyingine yenye toleo lile lile la kompaila, ikifa huko pia toa taarifa kwa wenye kompaila. Kazi yako hapa imekwisha.

Mafaili tofauti, au raundi nyingine zinapita na nyingine zinakufa: endelea na hatua ya 3.

Kuna mtego katikati. Wakati mwingine `make -j` inashindwa kwa kulalamika kwamba faili fulani la `.h` halipo, na ukitumia `-j1` inapita. Huo si ubovu wa maunzi. Mwandishi wa Makefile hakutaja kwamba faili hilo linazalishwa kwanza, basi kazi mbili zinashindana mbio. Kinyume chake nacho ni cha kuzingatia: ikiwa makosa ni ya ishara 11 na yanakoma ukitumia `-j1`, usiyatangaze maunzi kuwa salama. Umepunguza mzigo tu, mgonjwa bado ni mgonjwa.

## Hatua ya 3: Sikiliza kerneli inalalamika nini

```
sudo journalctl -k | grep -iE "mce|hardware error|segfault|i/o error"
sudo journalctl -k -b -1 | tail -50
sudo ras-mc-ctl --errors
```

Amri ya pili inaonyesha maneno ya mwisho kabla mashine haijajizima, mradi logi zako zinahifadhiwa kwenye diski. Ya tatu inahitaji huduma ya rasdaemon iwe imewashwa tangu mapema. Kwenye Windows fungua Event Viewer utafute WHEA-Logger.

Ukiona `[Hardware Error]` huhitaji mjadala, prosesa yenyewe imeripoti kosa la maunzi. Soma imetaja benki gani na kiini gani, uandike.

Mistari ya `segfault` ina hazina ambayo wengi wanaipita. Kerneli za miaka ya karibuni huongeza mwishoni maneno kama `likely on CPU 5 (core 2, socket 0)`. Kusanya mistari kumi au ishirini. Namba zikitawanyika ovyo, mtuhumiwa ni RAM au umeme. Namba ile ile ikijirudia, una kiini kimoja kibovu, na unaweza kumbana:

```
make clean
taskset -c 5 make -j2
```

Halafu ufanye hivyo hivyo kwenye kiini kingine. Kikifa kwenye 5 tu, umeshapata jibu bila kufungua kasha. Unaweza hata kukizima kiini hicho ili uendelee na kazi ukisubiri dhamana:

```
echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpu5/online
```

Kumbuka kiini kimoja mara nyingi hubeba nyuzi mbili. Ndugu yake utamkuta kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpu5/topology/thread_siblings_list`, mtazame kabla hujakizima, umzime naye.

Onyo: logi kuwa kimya si hati ya kuachiwa huru. RAM ya kawaida isiyo na ECC (uwezo wa kugundua na kurekebisha biti iliyogeuka) haina njia ya kuripoti kwamba biti imegeuka.

## Hatua ya 4: Rudisha kila kitu kwenye viwango vya kiwandani

Ungeniambia nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Ni ya bure, inachukua dakika tano, na inamaliza sehemu kubwa ya kesi za aina hii.

Ingia BIOS, chagua kurudisha mipangilio ya msingi, hifadhi, washa. Unachozima ni hiki: kasi ya prosesa iliyopandishwa, volti iliyoshushwa, na wasifu wa RAM uitwao XMP au EXPO. Huu wa mwisho ndio unaowakera watu, "mbona RAM yenyewe imeandikwa 6000?" Imeandikwa, ndiyo, lakini hiyo ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM. Kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa, na mtengenezaji wa prosesa hakuahidi kasi hiyo, hasa ukiwa umejaza sloti zote nne. Wasifu wa XMP ni kupandisha kasi kupita kiwango, hata kama unawashwa kwa kubofya mara moja.

Thibitisha kasi inayotumika:

```
sudo dmidecode -t memory | grep -i "configured memory speed"
```

Kisha rudi hatua ya 2. Makosa yakikoma, rudisha kitu kimoja kimoja hadi yarudi. RAM inaweza kukaa sawa ukiishusha daraja moja tu, na kwa kukompaili tofauti ya muda ni ndogo kuliko unavyodhani.

Angalia vilevile madabodi isijifanye mjanja. Baadhi, hata kwenye "mipangilio ya msingi", huachilia mipaka ya umeme ya prosesa ili zionekane na kasi kwenye vipimo. Weka mipaka iliyotajwa na mtengenezaji wa prosesa.

Ukiwa huko, sasisha BIOS. Kuna prosesa mbili ambazo lazima nizitaje. Ryzen za kwanza za mwaka 2017 zilikuwa na toleo lililokufa kwa `Segmentation fault` likikompaili kwa mzigo mkubwa kwenye Linux. AMD ilikiri na kuwabadilishia wateja. Kisha Intel Core za kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani: mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba volti ya juu ilikuwa inachakaza sehemu ya prosesa, ikatoa mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba, na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Tazama yako:

```
grep -m1 microcode /proc/cpuinfo
```

Ikiwa una prosesa ya kundi hilo na namba iko chini ya 0x12b, sasisha leo. Lakini elewa jambo moja: mikrokodi inazuia uchakavu usiendelee, haiponyi prosesa iliyokwisha kuchakaa. Ikiendelea kufa baada ya kusasisha, dai dhamana.

## Hatua ya 5: Joto

Fungua terminali ya pili, endesha `watch -n1 sensors`, na kwenye ya kwanza anzisha kukompaili.

Prosesa za sasa hujipunguza kasi zenyewe zikifika kikomo, nyuzi joto 100 kwa Intel nyingi na 95 kwa Ryzen 7000. Kwa hiyo prosesa yenye joto hupunguza kasi kwanza, na ikizidi sana mashine hujizima ghafla. Ishara 11 kutokana na joto la prosesa peke yake si jambo la kawaida. Joto hudhuru kwa njia isiyo ya moja kwa moja: linaisukuma RAM iliyokuwa inajikongoja, au sakiti za umeme kwenye madabodi, hadi zishindwe.

Jaribio rahisi: fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya mezani ndani, rudia hatua ya 2. Makosa yakipungua waziwazi, safisha vumbi, badilisha grisi, hakikisha feni zote zinazunguka. Unapopuliza hewa, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke kwa kasi, zinaharibika. Kwa laptopu, iweke juu ya kitu kigumu. Kitanda na mto vinaziba matundu.

## Hatua ya 6: RAM

Huyu ndiye mtuhumiwa wa kudumu, na mara nyingi kwa haki.

Wakati mwingine hujitambulisha kwa namna ya ajabu. Kompaila inasema `unknown type name 'ant'`. Unafungua faili, unakuta limeandikwa `int`, halina kosa. Herufi i ni 0x69, a ni 0x61, tofauti yake ni biti moja. Nakala ya faili iliyokaa kwenye RAM ilipotoshwa, ya kwenye diski ni nzima. Unaweza kulinganisha mwenyewe:

```
sha256sum faili.c
sync; echo 3 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches
sha256sum faili.c
```

Namba mbili tofauti kwa faili ambalo hakuna aliyeligusa? Kuna kitu kati ya diski na RAM kinachopotosha data. Anza na RAM.

Fanya hivi:

a) Weka Memtest86+ kwenye flashi. Chukua toleo la 6.00 au jipya zaidi, yale ya zamani hayajui UEFI, mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta. Ikikataa kuanza, zima Secure Boot kwa muda.

b) Iache usiku kucha, angalau mizunguko minne kamili. Mzunguko mmoja hautoshi.

c) Kosa moja ni ubovu. Hakuna "makosa mawili tu, si mbaya".

d) Ukipata makosa, zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha toa vijiti vyote. Pima kimoja kimoja kwenye sloti ile ile.

e) Kijiti kikishindwa kwenye kila sloti, kijiti ni kibovu. Vijiti vyote vikishindwa kwenye sloti moja, tazama sloti, pini za soketi ya prosesa, au kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa. Kila kijiti kikipita peke yake ila vikishindwa pamoja, vijiti havielewani au kasi imezidi: rudi hatua ya 4. Mara kwa mara kutoa na kurudisha vizuri tu kunatosha, kijiti hakikuwa kimekaa sawasawa.

Sasa sehemu inayosahaulika zaidi. Memtest inaweza kumtia RAM hatiani, haiwezi kumwachia huru. Inapima RAM huku sehemu nyingine za mashine zikiwa zimetulia, wala haizipashi joto kama `make` inavyofanya. Ikipita na makosa bado yapo, tumia kitu kinachobana zaidi, ukiacha RAM kiasi kwa mfumo (mfano huu ni wa mashine ya GB 16):

```
stressapptest -W -M 12000 -s 3600
```

Hata hiyo ikipita, toa nusu ya vijiti, kompaili kutwa nzima. Kisha weka nusu nyingine. Kukompaili kwenyewe ndiko kipimo kilichokuleta hapa, na ndicho cha kuaminiwa kuliko vyote.

Je, kijiti ni kibovu na hakitolewi, kama kwenye laptopu yenye RAM iliyochomelewa? Ikiwa makosa yako kwenye anwani chache zisizohama, kerneli inaweza kuambiwa iziruke kwa kigezo cha `memmap`. Ni kiraka cha muda. Kwenye GRUB alama ya dola ndani ya kigezo hicho lazima itanguliwe na mikwaju ya nyuma (`\`), la sivyo inaliwa na unapewa kigezo kisicho na maana.

## Hatua ya 7: Prosesa na umeme

Hawa wawili ni vigumu kuwatenganisha, kwa hiyo anza na jaribio linalowahusu wote: zima kasi ya ziada.

```
# Intel
echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
# AMD
echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost
```

Rudia hatua ya 2. Makosa yakitoweka kabisa, RAM imepunguziwa tuhuma, na umebaki na prosesa isiyohimili kasi yake yenyewe au umeme usiotosha.

Kumpima prosesa:

```
stress-ng --cpu 0 --cpu-method all --verify -t 30m
```

Au endesha mprime, ndugu wa Prime95, kwenye jaribio la kutesa. Small FFTs huibana prosesa, Large FFTs huigusa zaidi RAM na kidhibiti chake. Ukiona `FATAL ERROR: Rounding was 0.5, expected less than 0.4`, prosesa imekosea hesabu. Hakuna programu ya kulaumu hapo.

Umeme una tabia yake: mashine hujiwasha upya ghafla, mara nyingi sekunde chache baada ya `make` kuanza, bila kuacha neno kwenye logi. Hakikisha waya wa umeme wa prosesa ulio juu ya madabodi umeingia hadi mwisho. Laini ya volti 12 inatakiwa ibaki kati ya 11.4 na 12.6, lakini usiziamini sana namba za `sensors`, vipimo vya madabodi nyingi hudanganya. Kipimo cha kweli ni kuazima pawa saplai nyingine unayojua ni nzima.

Usifungue pawa saplai. Kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya. Na ukiazima pawa saplai yenye waya za kuchomeka, azima na waya zake. Plagi zinafanana kwa nje, mpangilio wa ndani hutofautiana, na unaweza kuunguza diski zote kwa mara moja.

## Hatua ya 8: Diski

Kwa kifupi, maana diski ikifa kwa kawaida husema wazi: `I/O error`.

```
sudo smartctl -a /dev/sda
sudo smartctl -a /dev/nvme0
```

Kwa SATA tazama `Current_Pending_Sector` na `Reallocated_Sector_Ct`. `UDMA_CRC_Error_Count` ikiendelea kupanda, badilisha waya kabla ya diski. Kwa NVMe tazama `Media and Data Integrity Errors`, inapaswa kuwa sifuri. Diski huleta ishara 11 pale faili la kompaila yenyewe au maktaba yake linapoharibika. Hapo kifo hutokea kwa mtindo ule ule kila mara. `debsums -s` au `rpm -Va` itakuonyesha.

## Hatua ya 9: Ukishapata ubovu, jenga upya kila kitu

Wengi huishia kwenye kubadilisha kijiti na kusherehekea. Lakini mafaili ya `.o` yaliyozalishwa na mashine mbovu bado yapo, na `make` haitayagusa kwa sababu tarehe zake ni mpya.

```
ccache -C
make clean
git fsck
```

Programu ulizozikompaili na kuzisakinisha katika kipindi cha ugonjwa, zikompaili tena. Kagua diski kwa `fsck` ikiwa haijawekwa kwenye matumizi. Kisha rudia ile raundi ya hatua ya 2, safari hii usiku kucha. Ikifa hata mara moja, hujamaliza.

## Bado inasumbua?

Inakufa ndani ya mashine pepe tu. Pima mashine halisi iliyo chini yake, mashine pepe haina RAM yake. Ikiwa ya chini ni nzima, tazama RAM uliyoigawia: mara nyingi utakuta ni `Killed`, si ishara 11.

Inaganda ikiwa imepumzika, si ikikompaili. Huo ni ugonjwa tofauti. Kwenye Ryzen za mwanzo jaribu kubadilisha `Power Supply Idle Control` ndani ya BIOS iwe `Typical Current Idle`.

Inakufa kwa C++ tu, C inapita. Kazi za C++ hula RAM nyingi zaidi, basi hugusa anwani ambazo C haizifikii. Rudi hatua ya 6 na upime RAM yote, si sehemu. Kama ni faili lile lile lenye violezo vingi, jaribu `ulimit -s unlimited` kwanza, inawezekana ni staki (eneo dogo la RAM ambalo kila mchakato hupewa) imeisha.

Vipimo vyote vimepita, inakufa mara moja kwa wiki. Shusha kasi ya RAM daraja moja uone wiki mbili zijazo. Mashine ikiwa ya kazi ambayo haivumilii kosa, tafuta madabodi na prosesa zinazokubali RAM ya ECC: hiyo hurekebisha biti moja inapogeuka na kuandika kwenye logi.

Muuzaji anakataa dhamana, anasema "mbona inawaka". Usimpelekee maelezo, mpelekee picha ya skrini ya Memtest au ya mprime ikiwa na kosa, mipangilio ya BIOS ikiwa ya kiwandani, pamoja na mistari ya `[Hardware Error]`. Ikiwa ni kiini kimoja, ongeza orodha ya `segfault` zinazotaja namba ile ile. Usitaje kupandisha kasi kama hukupandisha, na kama ulipandisha, rudia vipimo kwenye kasi ya kawaida kabla hujaenda.